Bafule ya Gari Yenye Ililala ku Matofali

Bwana yangu alikuwa anapima bafule, ile spika ya miziki, na mbegu ya muhindi. Analalisha bafule chali ku meza yangu ya kukatia sombe, majani ya muhogo, anaweka mbegu moja katikati ya ile karatasi nyeusi, anaunga waya, anafungua kaseti. Kama mbegu inaruka na kuanguka inje, anatikisa kichwa: ile inapiga kelele bure. Kama mbegu inatetemeka tu papo hapo, sawa mutu mwenye homa, anacheka peke yake. "Hii inajua kuongea chini," anasema. Mimi niko nasimama na kisu mukononi, nangojea meza yangu. Siku moja nilimuuliza kama alinioa mimi ao alioa waya. Akajibu, "Waya haina kinywa."

Nilisoma mupaka mwaka ya tatu ya primaire, kisha baba akasema inatosha, shamba inaningojea. Donc mwenye anatafuta hapa maneno ya batu ya université, apite kwa jirani. Lakini masikio Mungu alinipa, na ile masikio ilisoma kuliko miye mwenyewe. Leo bajukuu yangu banaleta radio ku nyumba, banaifungua, na mbele hata muimbaji hajafungua kinywa ninabaambia: "Ya kushoto ilipasuka." Banacheka, kisha banaangalia, na iko imepasuka. Ile elimu niliipata mu gari, na niliipata bila kupenda.

Ilikuwa gari ndogo ya rangi ya maziwa, taxi ya Butembo na Beni. Bwana yangu alikuwa anashuka nayo asubuhi na banamuke ya soko, makabichi na vitunguu, baridi ya kwetu ingali mu mifupa, na jioni anapanda nayo na mafuta ya mawese na joto ya Beni mu nguo ya batu. Mu milango ya mbele alitia bafule mbili. Nyuma ya kiti ya mwisho alitia zingine mbili, kubwa sawa sahani ya kuoshea mutoto, mu masanduku ya mbao ya libuyu yenye seremala alimutengenezea. Ndani ya ile masanduku alijaza sponji ya matela. Matela yangu. Niliona tu kitanda imeanza kuwa ngumu upande yangu, nikafikiri ni uzee. Ampli, mashini ya kukuza sauti, ililala chini ya kiti yake. Ilitoka Dubai mu furushi ya bitenge, na mufanyabiashara mwenye aliileta alimuapia kwamba iko moja tu mu Kivu yote. Batu ya Butembo banaapaka vile ku kila kitu yenye banauza.

Alikuwa na sheria yake. Asubuhi, nyimbo ya Mungu, juu banamuke ya soko banapenda kuanza na Mungu mbele ya kuanza kudanganyana bei. Kisha rumba ya zamani, ile ya pole, mupaka Beni. Kurudi, wakati bote bamechoka, anaweka nyimbo yenye sebene ndefu, pale gitare inaanza kukimbia na hata mama mwenye amebeba mutoto anatikisa bega. Wakati muimbaji anaongea, hakuna mutu kuongea. Ku sebene, ongeeni, chekeni, hata mugombane. Na wimbo hapana kukatwa katikati. Gari inafika, inasimama, na batu banakaa tu ndani, batu bazima, makabichi ku magoti, soko inabangojea, banangojea gitare imalize.

Na balikuwa banapenda vile! Magari zingine zilisimama tupu ku parking, na batu banauliza, "Gari ya miziki inatoka saa ngapi?"

Mimi nilikuwa mama ya kanisa, na ningali. Nilimuambia wazi kwamba ile miziki ya kiuno itamupeleka pabaya. Aliniambia kiuno Mungu njo aliiumba. Nilimukatalia kusafisha kichwa ya kaseti na alikoli ku meza yangu. Akaenda kusafishia mu gari. Nilimukuta saa ingine anazungusha kaseti na kalamu ya bic, polepole, ili asimalize batri juu ya kurudisha tu. Uso yake wakati ile ilikuwa sawa ya mutu mwenye anasali. Ile njo ilikuwa inanikasirisha zaidi.

Vita ilikuja mara ya kwanza, ikapita. Ikarudi mara ya pili, ikakaa. Vikundi vilikuwa na majina mingi na mimi sikuyashika. Jina ilibadilika, bendera ilibadilika, lakini neno ya basoda, banajeshi bote, ku mutu mwenye gari ilikuwa moja: leta ufunguo.

Jirani yetu, Muislamu, mutu ya transport, alikuwa na kamyo ya kubebea maharagi. Baliichukua asubuhi moja juu ya kupeleka masanduku ku uwanja ya ndege ya Mavivi. Balimuambia ataipata kesho. Alingojea juma mbili, kisha akaifuata na kinga, baiskeli yake, na miguu. Aliikuta pale Mavivi bila moteri, na mbuzi zinalala ndani. Alirudi na volani tu, usukani ya gari. Aliingia mu parseli, kiwanja yetu, ameishika mu kifua, akakaa chini, akaomba maji. Hakulia. Alikunywa maji, akamuambia bwana yangu: "Ndugu yangu, toa magurudumu leo. Hapana kesho."

Basi ile mangaribi balitoa magurudumu, babili yabo. Moja ilienda kwa dada yangu karibu na Rughenda, mu nyumba ya mbuzi. Moja ilienda kwa jirani, chini ya magunia. Moja niliifukia mimi mwenyewe shambani chini ya majani ya ndizi. Na ya ine tuliipeleka ku chapelle, nyuma ya ngoma ya korali. Muchungaji alituona tunaivingirisha, akageuka akaangalia ukuta. "Mama," akasema, "musiniambie ile ni nini. Kama bananiuliza, nataka kujibu kweli kwamba sijui."

Gari tuliilalisha ku matofali. Bwana yangu alimwaga mafuta ya zamani chini yake, akaacha kapo, kifuniko ya moteri, wazi, na kuku yangu zikaanza kutaga humo. Soda akipita akiuliza, najibu mimi: "Hii? Ilikufa. Tunangojea tu siku ya kuizika." Banacheka, banaenda.

Musifikiri nilikuwa nacheka ndani. Ile gari ilikuwa masomo ya batoto yangu bane. Shamba ilikuwa inatulisha, lakini shamba hainunui daftari. Kama vita inaisha na gari iko, batoto banasoma. Kama gari inaenda Mavivi kulala na mbuzi, batoto yangu banashika jembe sawa miye. Niliwaza ile kila siku, nikifungua macho tu.

Lakini bafule alikataa kutoa. Nilimuambia, "Gari imekufa, na maiti haiimbi." Akasema, "Zikitoka ku sanduku zitashika unyevu." Batri aliificha mu gunia ya makala ya kupikia. Na batri ikiisha nguvu, nani aliipeleka ku mashini ya kusaga kuchajiwa? Mwanaume akipita na batri, basoda banajua. Mwanamuke akipita na kitunga ku mugongo, kamba ku kipaji ya uso, mihogo juu, hakuna mwenye anauliza. Niliibeba. Asidi ilinitobolea bitenge mbili. Niliibeba juu alikuwa amekonda, na siku yenye alikosa kaseti alikuwa anakula sawa mutu anameza mawe.

Balikuwa banasikiliza wakati ya mvua. Mvua ya Butembo ikipiga mabati, mutu hawezi kusikia hata jirani anamupigia kelele, sembuse kaseti mu gari yenye vioo imefungwa. Mawingu ikianza kukusanyika mupande ya milima, jirani anafika na kofia yake nyeupe, anaangalia juu, anasema, "Inakuja?" Bwana yangu anasema, "Inakuja." Banaingia mu gari. Banaume wazima, mu gari bila magurudumu, vioo juu, banangojea mvua sawa batu bengine banangojea chakula. Mvua ikikatika mbele wimbo imalize, jirani anafungua mulango anasema, "Tumeibiwa."

Sasa nitaeleza kosa yangu, juu kosa ilikuwa yangu.

Binti yangu wa kwanza alipata muchumba, kijana ya Beni, ya familia ya kanisa, batu ya biashara ya mafuta. Mbuzi za mahari zilifika, zote, na hakukuwa yenye kilema, nilizikagua mimi. Tulipanga siku ya kumutoa binti. Bakwe balipanda kutoka Beni, njia ya asubuhi moja ikachukua siku mbili juu ya bariyeri ya basoda, na bakafika wamechoka na vumbi mu nyusi. Ilikuwa jua, Jumamosi, mangaribi ya mapema, na hakukuwa hata wingu moja.

Tuliimba. Lakini tuliimba chini, juu tulikuwa tumezoea kuishi chini. Ngoma ya korali hatukuitoa. Ilikuwa na sababu yake ya kubaki ukutani. Na mama ya kijana, mwanamuke munene wa kinywa, akaangalia huku, akaangalia huku, akasema mbele ya batu bote:

"Ee bamama ya Butembo, huku binti munamuolesha ao munamuzika?"

Batu balicheka. Binti yangu aliinamisha kichwa mu kitenge yake. 

Nilimuendea bwana yangu, nikamushika mukono. "Fungua miziki."

"Miziki gani?"

"Ya gari. Kaseti ya korali. Fungua milango yote ine."

Aliniangalia sawa mutu mwenye amesikia kuku inaongea. "Leo? Bila mvua? Wewe?"

"Ni wimbo ya Mungu," nikasema. "Basoda bakisikia batasema ni kanisa. Nani atauliza wimbo ya Mungu?"

Njo vile niliwaza, na niliiamini. Kwetu wimbo ya Mungu ni sawa karatasi ya kupita. Ukibeba Biblia mukononi ku bariyeri, banakuacha upite mbele. Sikuwaza kwamba mutu anaweza kusikiliza wimbo bila kusikiliza maneno yake.

Alileta batri. Alifungua milango. Na wakati korali ilianza, sauti ya banaume yenye inatoka chini ilitembea mu udongo, ikanipanda mu miguu. Kuku zilikimbia. Mama ya kijana alifunga kinywa. Binti yangu aliinua kichwa, akaanza kucheza na mabega, pole, vile binti ya kanisa anaruhusiwa, na mangaribi ile hakukuwa mwanamuke mwenye kiburi kunipita mu Butembo yote. Wimbo tatu tulisikia. Wimbo ya ine ilikuwa katikati wakati soda aliingia mu parseli.

Alikuwa peke yake, mwembamba, kijana, na kofia ya komanda. Batu baliacha kucheza. Kaseti tu iliendelea. Bwana yangu alinyoosha mukono juu ya kuizima na yule akapaza kidole.

"Hapana. Wimbo haikatwe katikati."

Tulisimama bote mupaka wimbo ikaisha. Kisha nikamuendea na maneno yangu tayari: "Komanda, ni korali ya kanisa, tunaolesha mutoto."

"Mama, kobanga te," akaniambia na Lingala yake, usiogope. "Nilikuwa ku barabara. Nikasema, hii kanisa iko na bass ya wapi? Hakuna kanisa mu hii mutaa iko na bass vile." Akainama, akatia kichwa mu gari, akagonga sanduku ya mbao na kidole. "Libuyu. Na ndani umetia nini, papa? Pamba?"

"Sponji," bwana yangu akajibu.

"Sponji ni muzuri kuliko pamba." Akaangalia ampli, akaangalia batri, akaangalia matofali, akaangalia kuku. Kisha akaniangalia miye. "Na hii gari ilikufa, eeh?"

"Ilikufa zamani," nikasema.

"Maiti yenye iko na batri mupya." Akacheka. Mimi nikaenda kumutafutia sahani ya chakula.

Hakuchukua kitu ile siku. Alikula kidogo, akabariki bibi arusi, akaenda. Bakwe bakapanda mu gari yabo mbio mbio, na binti yangu alienda Beni bila hata kumaliza kulia.

Nilisema: kesho banakuja na kamba, banavuta gari. Kesho alikuja kweli. Alikuja peke yake, na kaseti mbili mu mufuko ya koti. Alieleza kwamba mbele ya vita alikuwa mufundi ya radio za taxi, huko mbali, mupande ya chini ya mto mukubwa, na tangu aingie jeshi hakukaa mu gari yenye inaimba vile inapaswa. "Papa," akasema, "nipe wimbo mbili tu. Kisha naenda."

Alikuja vile karibu mwezi mzima. Mvua ao jua, haikumuhusu. Nani atamuuliza komanda? Alionyesha bwana yangu kwamba waya mbili za bafule ya nyuma zilikuwa zimeungwa kinyume tangu miaka yote ile, moja inasukuma wakati ingine inavuta. Baligeuza. Bwana yangu aliniita nikuje kusikia. Nilitia kichwa mu gari, na kweli, gitare yenye ilikuwa inazunguka huku na huku ilisimama katikati, mbele ya macho, sawa mutu amekaa ku kapo.  Nilirudi ku sombe yangu. Lakini nilisikia.

Bwana yangu alinenepa. Alikuwa anacheka. Balibishana sawa batoto ya masomo: yule anasema sebene ya siku hizi iko na haraka sana, bwana yangu anasema haraka ni ya vijana, babaache. Jirani alikataa kuingia mu gari wakati soda iko ndani. Alisimama ku lupango, uzio yetu, akaniambia chini: "Mama, nyoka ikikaa ku mulango na haikuume, hapana kusema ni kamba."

Nilimuambia bwana yangu maneno ile ile. Alijibu, "Mutu mwenye anasikiliza vile hawezi kuiba."

"Anaweza," nikasema. "Hata mwizi iko na masikio."

Siku yenyewe ilifika, ilikuwa asubuhi, saa ine. Kamyo ya basoda ilisimama ku barabara, moteri inanguruma, batu ndani banaimba. Komanda aliingia na haraka. Hakukaa. Kofia alikuwa ameishika mukononi, na nikaona kumbe iko na nywele ya mutoto.

"Papa, tunaenda Beni, kisha mbele. Mukubwa yangu anataka gari zote za hii mutaa ziandikwe. Hii nitaandika: imekufa. Nitaandika hata moteri haiko. Hakuna mutu atakuja." Akageuza kofia mu mikono. "Lakini unipe bafule. Zote ine, na ampli. Nilimuambia mukubwa kwamba nitamupatia miziki mu jeep yake. Nilisema zamani, nilikuwa nimekunywa. Siwezi kufika mikono mitupu."

Bwana yangu alikuwa amesimama na mukono ku mulango ya gari. Hakuwaza hata kidogo. Alisema:

"Chukua gari."

"Nini?"

"Nimesema chukua gari. Bafule inabaki."

Kamyo ilipiga honi. Yule kijana aliangalia barabara, akaangalia bwana yangu. "Papa, usinichezee. Gari bila magurudumu nitaibeba ku kichwa?"

"Magurudumu mutatafuta. Mimi sijui iko wapi."

Honi tena, murefu. Na mimi niliona batoto yangu. Siongei mafumbo: balikuwa pale ku mulango ya jikoni, batatu, na mudogo amebeba daftari yake yenye aliandika mupaka ku jalada. Niliona jembe mu mikono yabo. Nikaingia mu nyumba, nikatoa turnevisi, bisibisi, mu sanduku ya bwana yangu, nikamusukuma na bega akatoka ku mulango, na nikaanza kufungua.

Sikukuwa nimefungua visi maisha yangu yote. Nilijua tu juu nilimuona. Ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka. Plastiki ya mulango ilikataa, nikaivuta na mikono mbili na mguu, ikapasuka na sauti ya mufupa. Kijana alisema, "Pole pole, mama, utaitoboa!" Na akaanza kunisaidia upande ya pili, na mikono ya mufundi, safi, bila kuharibu. Mu dakika chache tulimaliza. Zote ine zililala ku majani, na ampli, na waya zinatoka sawa matumbo ya kuku.

Bwana yangu hakunishika, hakunipiga. Alikaa ku tofali.

Kijana alizibeba mu koti yake sawa mutu anabeba mayai. Ku lupango aligeuka. "Papa, nitaziunga vile tuliunga," akasema.  Kamyo ikaenda, na hatukumuona tena, na hakuna soda mwenye alikuja kuuliza ile gari. Neno yake alilishika.

Miezi yenye ilifuata, mvua ilikuwa inanyesha na bwana yangu anakaa jikoni. Jirani akikuja, banaongea bei ya maharagi. Sikuomba musamaha. Nilisema mu roho yangu: siku yenye gari itatembea, ataelewa.

Na gari ilitembea. Njia ilifunguka polepole, kwa vipande, na batu bakaanza tena kushuka Beni. Tulikusanya magurudumu. Yenye ilikuwa ku chapelle, muchungaji mwenyewe aliivingirisha mupaka kwetu, akasema, "Nimepata hii kitu, sijui ni ya nani." Siku ya kwanza nilipanda na miye, mbele, nikamuone binti yangu mwenye alikuwa amezaa. Nyuma kulikuwa banamuke batatu ya soko na makabichi yabo. Tulitoka Butembo na baridi inaingia mu matundu ya milango, pale bafule zilikuwa. Nilikuwa nimetia vitambaa, alikuwa amevitoa.

Mwanamuke mumoja akagonga kiti. "Ee papa, si hii njo gari ya miziki? Miziki iko wapi?"

"Muulize mama," bwana yangu akasema.

"Niliitoa," nikasema. "Niliitoa ili wewe ukae hapo."

Yule akarudia makabichi yake. Tulienda mwendo murefu. Milima ya Ruwenzori ilitoka mu mawingu upande ya kuume, na hakuna mwenye aliisifu. Mwishowe nikachoka. Nikamuuliza, chini, banamuke basisikie: "Unanichukia?"

Alibadilisha vitesi ya moteri. "Sikuchukii."

"Sasa ni nini?"

"Hakukuwa lazima," akasema. "Nilimuambia achukue gari juu nilijua hawezi. Magurudumu iko mu sehemu ine. Batu bake balikuwa banapiga honi. Alikuwa na nusu saa. Angebishana nusu saa, kisha angeenda mikono mitupu, na tungekuwa na gari na bafule." Akaniangalia kidogo, akarudisha macho ku barabara. "Nilikuwa namufanyia bei, mama. Wewe ukalipa mbele nimalize."

Ile ilinipiga. Miye, mwanamuke ya Butembo, mwenye najua kununua tangu niko na meno ya maziwa, nikakosa kusikia kwamba bwana yangu anafanya bei! Kisha nikawaza, nikakasirika. Juu ku uso yake ile asubuhi sikuona bei. Niliona mutu mwenye anatoa masomo ya batoto yake juu ya waya. Mupaka leo sijui. Pengine ilikuwa kweli. Pengine aliitengeneza mu ile miezi ya jikoni, akikaa peke yake, ili asikuwe mutu mwenye alisema neno ile bure. Mutu mwenye anapima bafule na mbegu ya muhindi anaweza kupima maneno vilevile.

"Na kama angekasirika akaiwasha moto?" nikamuuliza.

Alipiga honi, na barabara ilikuwa tupu.

Batoto yangu bane balisoma, hata ule mwenye aliolewa Beni. Mumoja ni infirmière ku hospitali, mumoja anafundisha, mumoja iko na boutique yake, na ule wa daftari anajenga nyumba za batu bengine na zinasimama. Bote bananiambia, mama, ulifanya muzuri. Lakini bale ni batu benye balikula ile gari. Siwezi kubauliza.

Bwana yangu aliishi miaka mingi nyuma ya pale, na hakununua bafule ingine. Nilimuambia mara mbili, nitauza mbuzi, agiza Dubai. Alikataa bila hasira, sawa mutu mwenye ameshiba.

Ile siku ya kwanza tulifika Beni na jua kali. Banamuke balishuka mara moja. Hakukuwa wimbo ya kubashika. Nilishuka nyuma yabo, nikasukuma mulango, ukakataa kufunga. Nikausukuma tena.

"Upaze na mukono, kisha sukuma," bwana yangu akasema ndani. "Haufungi muzuri tangu uliupasua."

Niliupaza, nikasukuma, ukafunga. Na njo vile niliufunga miaka yote yenye ile gari ilitembea.